Sifa za Mapema

Wahenga walisema kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Neno hilo ni zuri, wala sikusudii kulitukana, maana limewatia moyo wazazi na watoto wengi. Lakini hata neno zuri laweza kutumiwa vibaya, kama kisu cha jikoni kiwezavyo kukata mkate na kukata kidole. Katika mchezo wa tenisi wa wanaume, miongoni mwa wale wanaoucheza kama kazi ya kujipatia riziki, neno hilo limekwisha kukata vidole vingi. Kila mwaka watabiri hutazama mashariki, kisha hunyosha mkono na kusema, "Yule pale! Yule ndiye atakayerithi taji." Kijana anayeonyeshwa huwa na miaka 18, pengine 16, na kama tutakavyoona, pengine 9. Watu hupiga makofi. Miaka ikipita bila taji, wale wale waliopiga makofi huuliza kwa uchungu kijana huyo ana kasoro gani.

Watabiri hawa ni nani? Ni waandishi wa magazeti, watangazaji, wafanya biashara wa viatu na raketi, na sisi watazamaji tunaopenda kusema kesho kwamba tulijua tangu jana. Nakusudia kushindana nao katika insha hii. Nasema hivi: sifa zinazotolewa kabla ya kazi hazimjengi kijana, bali humtwika deni ambalo hakulikopa, tena huwafunika wengine wanaopanda polepole, ambao pengine ndio wangestahili kutazamwa zaidi. Mtu anayetaka kuwajua wachezaji wanaoinukia hana budi kuacha kubashiri na kujifunza kutazama.

Kwanza yafaa msomaji ajue taji linalosemwa ni lipi. Tenisi ina mashindano mengi kila mwaka, lakini manne ndiyo yenye heshima kupita yote: lile la Australia linalochezwa Melbourne, lile la Ufaransa linalochezwa Paris katika viwanja vya Roland Garros, lile la Uingereza linalochezwa Wimbledon, na lile la Marekani linalochezwa New York. Mtabiri anapomwita kijana bingwa wa kesho, ana maana kwamba atashinda mojawapo la haya, na si mara moja.

Sasa mtazame Richard Gasquet, Mfaransa. Katika mwaka wa 1996 gazeti moja la tenisi la nchini kwake lilitia picha yake katika jalada, likauliza kama huyu ndiye bingwa ambaye Ufaransa ilikuwa ikimngojea. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka 9. Ufaransa ilikuwa na njaa ya bingwa, maana tangu Yannick Noah ashinde Paris katika mwaka wa 1983, hakuna Mfaransa mwanamume aliyepata tena taji la mchezaji mmoja mmoja katika mashindano yale manne. Mwenye njaa hachagui. Huona mbegu akaiita mkate.

Wala mtoto yule hakuwa mtu wa bure. Alipiga mpira wa upande wa mgongo wa mkono kwa mkono mmoja, kwa uzuri ambao wengi hawajauona kwa mwingine. Katika mwaka wa 1999 alishinda mashindano mashuhuri ya watoto katika mji wa Tarbes, na huko alimtoa mvulana wa Kihispania aliyezaliwa siku 15 tu kabla yake. Katika mwaka wa 2002, akiwa na miaka 15, alishinda mechi kati ya watu wazima katika mashindano makubwa ya Monte Carlo. Watabiri wakasema, "Hatukuwaambia?"

Mvulana yule wa Kihispania aliitwa Rafael Nadal. Walipokua, yeye na Gasquet walikutana mara 18 katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa, na mara zote 18 Nadal alishinda. Nadal alijipatia mataji 22 ya mashindano makubwa, na 14 kati ya hayo aliyapata Paris, katika nchi ile ile iliyokuwa ikimngojea mtoto wake. Gasquet hakupata hata moja. Lakini tuseme kweli juu ya Gasquet. Alishinda mashindano 16 ya daraja ya juu, akafika nafasi ya 7 katika dunia, akaingia nusu fainali tatu za mashindano makubwa, akacheza zaidi ya miaka ishirini mpaka alipostaafu Paris katika mwaka wa 2025. Mtu aliye wa saba katika dunia nzima kwa kazi yoyote, awe fundi, mganga au mwalimu, angeimbwa kwao mpaka wajukuu wake. Gasquet akatajwa na wengi kuwa ni mtu aliyeshindwa. Alishindwa na nani? Alishindwa na jalada la gazeti. Alipimwa kwa ahadi ambayo hakuitoa yeye, iliyotolewa kwa jina lake alipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Gasquet si peke yake. Grigor Dimitrov wa Bulgaria alipokuwa kijana alibandikwa jina la utani la kumfanya kuwa mtoto wa Roger Federer, kwa sababu mapigo yake yalifanana na ya bingwa huyo wa Uswisi. Dimitrov alifika nafasi ya 3 katika dunia, na katika mwaka wa 2017 alishinda mashindano ya kufunga mwaka yanayowakutanisha wachezaji 8 bora. Hata hivyo kila alipotajwa, Federer alitajwa pembeni yake, kama kwamba mtu hawezi kuwa yeye mwenyewe mpaka amalize kuwa mwingine. Ikiwa hii ni heshima, basi ni heshima ya kivuli.

Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini macho ya watu wenye ujuzi hukosea namna hii. Jibu moja alilitoa Federer mwenyewe katika hotuba yake kwa wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, katika mwaka wa 2024. Aliwaambia kuwa katika mechi 1,526 alizocheza peke yake, alishinda karibu asilimia 80. Lakini katika pointi zote alizocheza alishinda asilimia 54 tu. Fikiri maana ya hesabu hiyo. Mtu aliyehesabiwa kuwa miongoni mwa wakubwa kupita wote alipoteza karibu nusu ya pointi zake. Basi tofauti kati ya bingwa na mpinzani wake ni nyembamba kama uzi. Haimo katika uzuri wa pigo, ambao jicho huuona mara moja. Imo katika pointi chache zinazoamua, na katika moyo wa kusahau pointi iliyopotea ili kuicheza inayofuata. Mambo hayo hayaonekani kwa mtoto wa miaka 9. Yanajulikana baada ya miaka mingi ya kupigwa.

Jibu la pili ni la biashara. Utabiri huuzika. Gazeti likisema kwamba kijana fulani ni hodari na tungoje tuone, nani atalinunua? Likisema kwamba mfalme mpya amezaliwa, litakwisha kabla ya saa sita mchana. Mwenye kuuza viatu naye anataka jina kabla halijapanda bei. Faida ya utabiri huliwa na mtabiri leo. Hasara yake hulipwa na kijana kesho. Na mtabiri akikosea hatozwi faini, bali hutafuta kijana mwingine. Wahenga walijua hatari nyingine tena waliposema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba amekwisha kufika, atapata wapi sababu ya kuendelea na safari?

Tena sifa hizi hazigawiwi kwa haki, na hapa ndipo penye neno zito zaidi. Ili ulielewe, yakupasa kuijua ngazi ya mchezo huu. Ina vidato vitatu. Kidato cha chini ni mashindano madogo ya shirikisho la dunia, na yale madogo kabisa kati yake zawadi zake zote pamoja hufikia dola 15,000. Mchezaji aliyeshinda wote hupata dola elfu mbili na ushei; aliyetolewa katika raundi ya kwanza hupata dola 156. Kwa fedha hizo hana budi kulipa nauli ya ndege, chumba, chakula, nyuzi za raketi, na mwalimu kama anaye. Kidato cha kati ni mashindano yaitwayo Challenger. Kidato cha juu ni mashindano makuu ya chama cha ATP, pamoja na yale manne niliyoyataja. Huko mambo ni mengine kabisa. Katika Wimbledon ya mwaka wa 2025, mchezaji aliyeshindwa katika raundi ya kwanza, akafunga mkoba wake akaenda zake, alipata pauni 66,000.

Mlango wa kuingia huko ni mwembamba. Wanaocheza ni 128. Kwa kawaida 104 huingia kwa nafasi zao katika orodha ya ubora wa dunia, 16 hutoka katika mchujo, na 8 hualikwa kwa hisani ya wenyeji. Kwa hiyo mtu aliye wa 100 na mtu aliye wa 200 wanaweza kuwa karibu sawa kwa ustadi, lakini mmoja analipwa na mwingine anadaiwa. Paul Wekesa wa Kenya alifika nafasi ya 100 katika mwaka wa 1995. Asiyejua ngazi hii husema, "Mia tu?" Anayeijua huvua kofia. Wakuu wa mchezo wenyewe wamekiri kwamba ngazi hii inaumiza: katika mwaka wa 2024 chama cha ATP kilianza mpango wa kuwahakikishia wachezaji 250 wa kwanza kiasi fulani cha mapato ya chini kwa mwaka.

Sasa zitazame zile nafasi 8 za hisani. Mashindano makubwa yako katika nchi nne, nazo nafasi hizo aghalabu huwaendea vijana wa nchi hizo. Kijana wa Paris aliyetabiriwa mema hufunguliwa mlango, akalipwa hata akishindwa, akarudi tena mwakani. Kijana wa Nairobi au wa Kampala mwenye mkono ule ule hupanda kidato kwa kidato, kwa dola 156. Hivyo sifa za mapema si maneno matupu. Hugeuka kuwa mali, na mali hiyo humwangukia yule ambaye tayari alikuwa karibu na kamera. Kisha akifaulu, watabiri husema kuwa waliona mbele. Hawakuona mbele; waliona jirani. Ni jambo la kushukuriwa kwamba tangu mwaka wa 2024 mji wa Kigali umekuwa ukiandaa mashindano ya Challenger, maana ngazi ikisogezwa karibu, mwenye mguu mfupi naye aweza kuikanyaga.

Najua wapinzani wangu watanijibu nini. Watasema, "Je, Boris Becker hakushinda Wimbledon katika mwaka wa 1985 akiwa na miaka 17? Je, Michael Chang hakushinda Paris katika mwaka wa 1989 akiwa na miaka hiyo hiyo? Na Carlos Alcaraz, ambaye watu walimwimba tangu utoto, hakushinda New York katika mwaka wa 2022 akiwa na miaka 19, akawa kijana kupita wote waliopata kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya dunia ya wanaume?" Hayo yote ni kweli, nami siyakani. Lakini yachunguze. Becker alipoingia Wimbledon mwaka ule hakuwamo hata katika orodha ya wachezaji waliotengwa mbele kwa ubora wao. Watabiri wenyewe hawakumwona! Chang alishinda Paris, kisha akacheza miaka mingi kwa ushujaa bila kupata tena taji la namna hiyo. Ushindi wa ujana haukuwa ahadi ya kitu chochote.

Ama Alcaraz, yeye ndiye shahidi wao bora, lakini ushahidi wake unanisaidia mimi. Baba yake alikuwa mwalimu wa tenisi, nao mchezo ulikuwa mlangoni pao. Tangu mwaka wa 2018, alipokuwa na miaka 15, mpaka mwaka wa 2025, alifundishwa na Juan Carlos Ferrero, ambaye mwenyewe aliwahi kushinda Paris na kuwa wa kwanza katika dunia. Alipata mwalimu mmoja kwa miaka saba. Kilichomfikisha ni ustadi wake, nyumba yake, mwalimu wake na jasho lake. Utabiri ulikuwa jogoo tu aliyewika. Na asiyejua husema kwamba jogoo ndiye aliyeleta mapambazuko.

Mweke Alcaraz kando ya mpinzani wake mkubwa, Jannik Sinner wa Italia. Huyu alikulia katika milima ya kaskazini, ambako baba yake alikuwa mpishi na mama yake mhudumu wa mezani katika nyumba ya wageni. Utotoni sifa yake ilikuwa katika mbio za kuteleza juu ya theluji. Alipokuwa na miaka 13 hivi aliiacha theluji, akaondoka nyumbani, akaenda kukaa pwani katika mji wa Bordighera ajifunze tenisi. Katika mashindano ya dunia ya vijana hakuwa na jina kubwa. Hata yeye alipewa mlango wa hisani: katika mwaka wa 2019 Waitalia walimwalika katika mashindano ya vijana bora yaliyofanyika Milan, naye akayashinda. Lakini mlango ulifunguliwa tu. Kupanda alipanda mwenyewe, na taji lake la kwanza kubwa alilipata Melbourne katika mwaka wa 2024.

Tarehe 8 Juni, 2025, Sinner na Alcaraz walikutana katika fainali ya Paris. Sinner alikuwa mbele kwa seti mbili kwa moja, na katika seti ya nne alipata nafasi tatu za kuimaliza mechi kwa pointi moja tu. Zote tatu zilimponyoka. Baada ya saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kupita zote zilizopata kuchezwa katika viwanja hivyo, Alcaraz alishinda. Mtu mwingine angezikumbuka pointi zile tatu maisha yake yote, nazo zingemla kama kutu. Tarehe 13 Julai, wiki tano baadaye, wawili hao walikutana tena katika fainali ya Wimbledon. Sinner alipoteza seti ya kwanza, akashinda tatu zilizofuata, akatwaa taji. Ikiwa wataka kujua bingwa ni nini, usizitazame fainali hizi mbili. Tazama wiki tano zilizokuwa kati yake. Hakuna mtabiri aliyeweza kuziona wiki hizo katika uso wa mtoto aliyekuwa akiteleza thelujini.

Na kwa wale wanaosema kuwa kijana akipita miaka 22 bila taji basi wakati umempita, ninalo jina moja: Valentin Vacherot wa Monaco. Katika Oktoba 2025 alikwenda Shanghai akiwa na miaka 26, nafasi yake katika dunia ikiwa ya 204. Hakuwa na hakika hata ya kuingia katika mchujo. Alikuwa akingoja wengine wajitoe. Nafasi ikapatikana. Akapita mchujo, akashinda raundi baada ya raundi, akamtoa Novak Djokovic katika nusu fainali, na katika fainali akamshinda Arthur Rinderknech, ambaye ni binamu yake. Hapakuwa na mchezaji wa nafasi ya chini kuliko yake aliyepata kushinda mashindano ya daraja hiyo. Zawadi yake ilizidi dola milioni moja, yaani zaidi ya jumla ya fedha zote alizokuwa amezipata uwanjani tangu aanze. Wiki mbili kabla ya hapo, ni gazeti gani lililokuwa limemtaja miongoni mwa wachezaji wa kutazamwa? Alikuwa kazini siku zote. Ni macho yetu yaliyokuwa kwingine.

Je, nasema basi kwamba tusiwatazame vijana? Hasha. Nasema tuwatazame vizuri. Nitawataja watatu, nami sitasema watakuwa nani. Nitasema tu wamefanya nini, na ni swali gani la kuuliza mbele ya kila mmoja.

Wa kwanza ni João Fonseca wa Brazil, aliyezaliwa Rio de Janeiro katika mwaka wa 2006. Katika Januari 2025, katika mechi yake ya kwanza ndani ya shindano kubwa, alimshinda Andrey Rublev, mmoja wa wachezaji kumi bora wa wakati ule, bila kupoteza seti. Katika Februari alishinda mashindano ya Buenos Aires akiwa na miaka 18. Kelele zilizopigwa zingeweza kuporomosha paa. Wiki iliyofuata alirudi nyumbani Rio, mbele ya watu wake waliojaa furaha, akashindwa katika raundi ya kwanza. Watabiri wakashangaa. Kwa nini washangae? Mvulana wa miaka 18 alikuwa amebebeshwa nchi nzima mabegani. Ikapita miezi ya kushinda na kushindwa, na katika Oktoba mwaka ule ule akashinda mashindano makubwa zaidi ya Basel, Uswisi. Swali la kuuliza juu yake ni hili: anafanya nini wiki ya pili, makofi yanapokwisha au yanapozidi?

Wa pili ni Jakub Menšík wa Ucheki, aliyezaliwa katika mwaka wa 2005. Katika Machi 2025, huko Miami, alimshinda Djokovic katika fainali kwa seti mbili zilizoamuliwa zote kwa pointi za mwisho kabisa. Djokovic alikuwa ameanza kucheza kwa malipo kabla Menšík hajazaliwa. Lakini mshindi mwenyewe alisimulia kuwa nusura ajitoe kabla ya mechi yake ya kwanza kwa sababu ya maumivu ya goti. Basi taji lile lilisimama juu ya goti moja. Swali la kuuliza juu yake ni hili: mwili utahimili? Mchezo huu huzunguka dunia karibu mwaka mzima, juu ya saruji, udongo na majani, na mwenye pigo kali asiye na afya ni kama jahazi zuri lenye tundu.

Wa tatu ni Learner Tien wa Marekani, naye alizaliwa katika mwaka wa 2005, mtoto wa wazazi waliotoka Vietnam. Mama yake ni mwalimu, na jina alilopewa maana yake ni mwanafunzi. Sijui jina gani lingemfaa zaidi mchezaji anayeinukia. Hana mwili wa kutisha wala pigo la radi. Silaha yake ni kuupeleka mpira mahali mpinzani asipoupenda, na kufanya hivyo tena na tena. Katika Januari 2025, baada ya kupita mchujo wa Melbourne, alikutana na Daniil Medvedev. Alikuwa pointi moja tu mbali na ushindi katika seti ya tatu, akaikosa. Akapoteza seti ya nne vibaya. Akashinda ya tano, saa ikikaribia tisa za usiku, baada ya muda wa karibu saa tano. Mwezi wa Novemba mwaka huo alipata taji lake la kwanza la daraja ya juu, huko Metz, Ufaransa. Swali la kuuliza juu yake ni hili: anajifunza? Maana wapinzani nao husoma, na ujanja uliofaa mwaka huu utajulikana na wote mwaka ujao.

Nakushauri, msomaji, uongeze swali moja kwa wote watatu. Kila pointi huanza kwa pigo la kuanzia. Mchezaji akilikosa la kwanza hupewa la pili, na akilikosa hilo pia, pointi ni ya mpinzani. Pigo la kwanza huonyesha nguvu, nalo ndilo linalopigiwa makofi. Wewe litazame la pili, wakati hesabu imegeuka, mkono unatetemeka na watu wamenyamaza. Hapo utamjua mchezaji zaidi kuliko katika kurasa kumi za sifa.

Labda utasema kwamba haya ni mambo ya watu wa mbali wanaocheza kwa mamilioni, nawe uko darasani na kalamu yako. Lakini watabiri wamo hata darasani. Mtoto mmoja hupata alama nzuri katika muhula wa kwanza, watu wakasema, "Huyu ni daktari". Tangu siku ile hathubutu kuuliza swali, asije akaonekana hajui. Mwingine huanza kwa taabu, watu wakasema, "Huyu si kitu". Naye huamini, akaweka raketi yake chini kabla mechi haijaanza. Sifa za mapema na dharau ya mapema ni matawi mawili ya mti mmoja, na mti huo ni uvivu wa kutazama. Ni rahisi kumhukumu mtu mara moja kuliko kumfuata miaka kumi.

Basi ukisifiwa leo, shukuru, kisha urudi kazini, kwa sababu wanaokusifu hawatakuja kukuchezea. Ukidharauliwa leo, usibishane na mtu. Rudi kazini vile vile, ukumbuke kwamba nafasi ya 204 haikumzuia aliyekuwa tayari siku mlango ulipofunguka. Na ukiwa wewe ndiwe mtazamaji, usiwe mwepesi wa kugawa mataji yasiyo yako. Wahenga hawakukosea: nyota njema huonekana asubuhi. Lakini asubuhi huonekana moja tu, nayo hufifia jua likichomoza. Anayetaka kuzijua nyota zote hana budi kukesha, maana nyingi huonekana usiku.